Twende Kilioni Kwenye Godoro la Sarakasi

Mtoto wa kike anapoandaliwa kwa halaiki au sarakasi, agizo analopewa msusi huwa moja: kaza, zisifumuke. Aprili 2, 2025 mbio za Mwenge wa Uhuru zilizinduliwa Kibaha, na kila inapokuja sherehe ya namna hiyo, watoto wanaojifunza kubiringita, kupiga msamba na kusimama mabegani mwa wenzao hupelekwa kwa wasusi wakiwa na agizo hilo hilo, Maili Moja ya hapo Kibaha kama ilivyo kwingineko. Nia ni njema, kwa sababu nywele zinazomwangukia mtoto machoni akiwa amesimama kwa mikono ni hatari. Lakini kukaza sana hakumlindi. Msuko wa mchezo unapaswa kupimwa kwa jinsi ulivyolala kichwani na mahali ncha zake zinapoishia, na kwa kipimo hicho msuko bora ni ule ambao karibu kila dada mkubwa wa mtaani anaujua, twende kilioni: mistari iliyonyooka kutoka kwenye paji la uso hadi shingoni, bila rasta. Jina lenyewe ni la mtu mwenye haraka, asiye na muda wa mapambo, na mtoto wa sarakasi ni mtu wa namna hiyo.

Tazama mwili unavyofanya kazi. Anayebiringita mbele hukunja kidevu kifuani, hubeba uzito kwa mikono, kisha kisogo hugusa godoro kidogo tu kabla ya mabega kupokea mgongo. Mfunge fundo kubwa kisogoni, kama wengi wanavyopenda kwa sababu linapendeza, na umemwekea jiwe mahali hasa kichwa kinapopita. Ama atapinda shingo kulikwepa, ama atabiringita upande, na vyote viwili vinaipa shingo mzigo usiokuwa wake. Fundo la utosini nalo litamsumbua siku atakapofundishwa kusimama kwa kichwa. Rasta ndefu zina shida nyingine: kwenye piramidi za halaiki, mtoto wa juu huweka goti au kiganja begani mwa mwenzake, na msuko uliolala begani hapo hunaswa na kuvutwa pamoja na ngozi. Shanga ni ngumu, na zikikatika hutawanyika chini ya nyayo zisizo na viatu. Hata nywele za uzi, nzuri kwa kurefusha nywele na za heshima katika mila zetu, husimama kama vijiti, na vijiti havibiringitiki. Twende kilioni hulala bapa. Ncha zake zikikutanishwa chini kabisa, kwenye bonde la shingo, zikakunjwa kwa ndani na kushonwa kwa uzi au kufungwa kwa mpira laini usio na chuma, hukaa mahali ambapo godoro halifiki kirahisi.

Sasa suala la kukaza. Mwaka 2007 daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wa vichwa vya wanafunzi Waafrika wa Cape Town. Walikuta kunyonyoka kwa nywele kunakotokana na kuvutwa kwa asilimia 8.6 ya wasichana wa mwaka wa kwanza shuleni, na asilimia 21.7 ya wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari. Kazi yao iliyofuata ilionyesha kuwa hatari hupanda msuko unapoleta maumivu au vipele, na hupanda zaidi nywele zilizotiwa dawa zinapovutwa. Kwa hiyo mtoto anayelia mikononi mwa msusi anatoa taarifa, na ni kosa kumwambia avumilie kwa kuwa uzuri una gharama. Tena msuko uliovuta ngozi ya paji la uso huuma zaidi anapoinamisha kichwa na kuruka, mtoto akawa anawaza kichwa chake badala ya kuwaza mikono yake. Msuko uliofungwa kwa kiasi, kwa mistari midogo ya kutosha, hushikwa na wingi wa mistari, kwa hiyo hauhitaji kukazwa.

Wapo watakaosema dawa ni kunyoa, kama shule nyingi za serikali zinavyotaka. Ni kweli kwamba kichwa kilichonyolewa hakihitaji mpira wala uzi, na mtoto aliyezoea hivyo aachwe hivyo. Lakini kunyoa kukigeuzwa sharti la kucheza, tutawapoteza wasichana wanaolazimishwa kuchagua kati ya nywele na godoro, nao wengi ni wale wanaoanza kujitazama kwenye kioo, umri ambao mwili bado ni mwepesi kujifunza. Sheria za kimataifa za netiboli, mchezo wanaoujua vizuri, zinataka nywele zifungwe tu. Hazimwamuru mtu anyoe. Kwa binti anayevaa hijabu msuko huu una faida ya ziada, kwa kuwa ushungi ulioshonwa tayari hukaa juu ya mistari iliyolala bila kuhitaji pini hata moja.

Pingamizi gumu zaidi ni la urembo: kwamba twende kilioni ni msuko wa nyumbani, haufai mbele ya wageni. Mmarekani Gabby Douglas alipokuwa na miaka 16 alitwaa dhahabu ya jumla ya wanawake katika jimnastiki ya Olimpiki ya London ya 2012, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata, na bado watu, wakiwemo weusi wenzake, walikaa kuzijadili nywele zake kwamba hazikutengenezwa vizuri. Kama bingwa wa Olimpiki hakusalimika, mtoto wa Kibaha hatasalimika kwa kufungwa fundo kubwa zaidi. Afadhali mwalimu wa halaiki ataje msuko mapema, pamoja na viatu na sare, ili nywele zisukwe siku mbili tatu kabla ya onyesho, ngozi ipumzike, mtoto abiringite nazo mara kadhaa mazoezini, na mstari unaovuta ufumuliwe na kusukwa upya wakati bado kuna muda.