Paka wa Kwenye Simu na Malezi ya Watoto Wetu Wadogo

Wazazi wengi wanamfahamu Tom, paka wa kijivu aishiye ndani ya simu. Mtoto wa miaka minne asiyejua bado kusoma anajua kumfungua, kumlisha, kumwogesha, kumpeleka chooni na kumzimia taa alale. Mama mwenye kazi jikoni, au baba aliye safarini na mtoto ndani ya basi, hushukuru kupata dakika ishirini za utulivu. Hata hivyo mchezo huu umeingia nyumbani mwetu bila kuchunguzwa kama tunavyochunguza kitabu au kipindi cha televisheni, nasi tumeona vema kueleza unavyofanya kazi na unachomzoeza mtoto.

Michezo ya namna hii ilipata umaarufu kutoka Japani. Mwezi Novemba 1996 kampuni ya Bandai ilitoa kichezeo kidogo chenye umbo la yai, kiitwacho Tamagotchi, chenye vitufe vitatu na kioo kisicho na rangi. Kiumbe kilianguliwa kiooni, kikaita kwa mlio, kikadai chakula, usafi na mchezo. Kikipuuzwa kwa saa kadhaa kiliweza kufa. Mwaka uliofuata kilienea duniani. Watoto walikwenda nacho darasani kwa kuogopa kukikuta kimekufa jioni, hata shule nyingi zikakipiga marufuku. Vimekwisha kuuzwa zaidi ya milioni 80.

Tom alikuja baadaye. Kampuni ya Outfit7, iliyoanzia Slovenia, ilimtoa mwaka 2010 akiwa paka wa kuigiza sauti ya anayesema naye, kisha mwaka 2013 ikamfanya mnyama wa kulelewa katika mchezo uitwao My Talking Tom. Tofauti yake kubwa na Tamagotchi ni kwamba Tom hafi. Mwache wiki nzima, utamkuta ana njaa na usingizi, lakini yupo. Mlishe, naye atachangamka kana kwamba hukuondoka. Uamuzi huo unaeleweka, maana hakuna mzazi apendaye mtoto wa miaka mitatu aombolezee kichezeo.

Lakini tuangalie mtoto anajuaje kwamba Tom ana njaa. Kuna alama ya chakula inayopungua kama chaji ya betri. Ikishuka, mtoto anaburuta tunda hadi mdomoni mwa paka, nayo inajaa tena. Usingizi una alama yake, choo kina alama yake. Mtoto anayefuga kuku hana msaada huo. Kifaranga akijikunyata pembeni na kushusha mabawa, ni lazima mtu amtazame, amlinganishe na wenzake, amwulize bibi kama anaumwa au anasikia baridi. Pengine jibu halipatikani, na kifaranga anakufa hata baada ya kutunzwa vizuri. Kusoma haja ya asiyeweza kusema ndiyo sehemu ngumu ya kulea, nayo hutakiwa vilevile mbele ya mtoto mchanga, ya mgonjwa, na ya mzee aliyenyamaza. Sehemu hiyo ndiyo mchezo ulioiondoa. Kilichobaki ni kubofya na kutuzwa papo hapo.

Sisi watu wazima twaweza kudhani kwamba mtoto anajua ni mchezo tu. Mwanasaikolojia wa Uswisi, Jean Piaget, alionyesha zamani kwamba watoto wadogo huvipa uhai na nia vitu visivyo na uhai, hasa vinavyojongea. Sherry Turkle, mtafiti wa chuo cha MIT nchini Marekani, alipowahoji watoto kuhusu Tamagotchi na vichezeo vya aina yake, aliwakuta hawaviweki kabisa upande wa vitu wala upande wa wanyama, bali mahali fulani katikati. Basi mtoto anayelia simu ikichukuliwa si mkaidi daima; huenda anaamini anamwacha mtu mwenye njaa.

Upo pia upande wa fedha. Chakula na mavazi ya Tom hununuliwa kwa sarafu za mchezo, na sarafu hupatikana kwa kucheza, kwa kutazama matangazo, au kwa fedha halisi ya mzazi. Huruma ya mtoto kwa paka wake inageuzwa kuwa dakika za kutazama biashara za watu. Mwaka 2015 chombo cha kusimamia viwango vya matangazo nchini Uingereza, kufuatia malalamiko ya wazazi, kililaani tangazo la tovuti ya watu wazima wanaotafuta mahusiano ya kingono, lililoonekana ndani ya mchezo huohuo wa Tom. Watoto waliolikuta walikuwa wa umri wa miaka 3 na 7.

Hatusemi mchezo ufutwe katika kila simu. Mtoto anayekataa kupiga mswaki huweza kukubali akimwona Tom akipiga wake, na hilo si dogo. Zima data kabla ya kumkabidhi simu, na matangazo yatapungua sana; weka nywila kwenye ununuzi; funga arifa zinazomwita mtoto arudi kumlisha paka. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linashauri watoto wa miaka 2 hadi 4 wasizidishe saa moja kwa siku wakiwa wamekaa mbele ya kioo, na kwamba pungufu ya hapo ni bora zaidi.

Na mtoto akiuliza kama Tom anaona njaa simu ikizimwa, aambiwe kweli, tena kwa upole: hapana. Simu ikizimwa Tom hali, halali, wala hamngoji mtu. Ukiifungua asubuhi, programu husoma saa, huhesabu muda uliopita, na kushusha alama ya chakula kwa kiasi hicho. Kisha mtoto apewe kopo la maji, aende kuwatazama kuku.