Kemia: Kompyuta yafichua siri ya sufuria

Leo jioni, maji ya chai yatakapokuwa yakitokota jikoni, mwite mwanao anayesoma shule ya upili umwulize swali moja tu: Vile viputo vikubwa vinavyopanda kutoka chini ya sufuria vina nini ndani?

Usishangae akikujibu kuwa ni hewa. Mwingine, hasa yule aliyekariri kwamba maji ni haidrojeni na oksijeni, atakwambia kuwa maji yametengana na gesi hizo mbili ndizo zinazotoroka. Wote wawili wamekosea. Kilichomo ni maji yale yale, yaliyogeuka kuwa mvuke. Lau haidrojeni na oksijeni zingekuwa zikitoka sufuriani kando ya moto, jikoni kusingekalika!

La kusikitisha ni kwamba mwanafunzi huyo huyo huandika H₂O bila kukosea na kupewa alama zake. Ameijua ishara, lakini maana yake imempita.

Marehemu Alex Johnstone, aliyekuwa msomi wa ufundishaji wa kemia katika Chuo Kikuu cha Glasgow, Scotland, alilieleza tatizo hili mnamo 1982. Alisema kemia ina ngazi tatu. Ya kwanza ni yale yaonekanayo kwa macho, kama maji yanayochemka. Ya pili ni chembe ndogo mno zisizoonekana, yaani atomi na molekuli. Ya tatu ni ishara na milinganyo iandikwayo ubaoni. Mwalimu aliyebobea huzipanda na kuzishuka ngazi hizo bila kujitambua, ilhali mwanafunzi huachwa akiikisia ile ya kati. Asipoweza kuikisia, hukariri.

Chembe zaonekana

Ngazi hiyo ya kati ndiyo inayoonyeshwa na programu za kompyuta za kuiga majaribio. Miongoni mwa zinazojulikana sana ni zile za PhET, mradi wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder nchini Marekani. Ulianzishwa mwaka wa 2002 na Carl Wieman, mwaka mmoja baada ya yeye na wenzake wawili kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya fizikia. Programu hizo hutolewa bure, na nyingi zikishapakuliwa hufanya kazi hata pasipo intaneti.

Katika ile inayohusu hali za maada, mwanafunzi huchagua maji, kisha huongeza moto chini ya chombo. Molekuli zilizokuwa zimeshikana kama barafu huanza kutikisika, kisha huteleza, hatimaye huachana na kuruka huku na huko. Hata hivyo, kila molekuli hubaki na atomi yake moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni. Swali la viputo limejibiwa!

Programu nyingine hufunza kusawazisha milinganyo. Wanafunzi wengi wakitakiwa kusawazisha mlinganyo wa kutengeneza amonia, hubadilisha ile tarakimu ndogo iliyo ndani ya NH₃, wasijue kwamba wameunda kitu kingine kabisa. Kwenye kompyuta, tarakimu hiyo haiguswi. Kinachobadilika ni idadi ya molekuli tu. Akiweka moja ya nitrojeni na tatu za haidrojeni upande mmoja, na mbili za amonia upande wa pili, mizani husimama sawa mbele ya macho yake.

Si mchezo wa video

Lakini tahadhari! Mtoto akiachiwa kubonyeza ovyo, atafurahia rangi na kuondoka mikono mitupu. Mwalimu, au mzazi nyumbani, hana budi kuuliza kabla ya kubonyezwa chochote: Unadhani kutatokea nini? Kwa nini? Aandike jibu lake kwanza, kisha ajaribu. Pale alipotarajia hili akaona lile, ndipo somo linapoingia. Darasa zima laweza kutumia kompyuta moja, mradi kila mmoja awe ametoa jibu lake kabla.

Aidha, aelezwe kwamba huo ni mfano tu. Atomi si vigololi vyenye rangi. Chembe chache za kwenye kioo pia si kitu zikilinganishwa na maji halisi: katika gramu 18 tu za maji, kiasi kisichozidi vijiko vichache, idadi ya molekuli ni takriban 602 ikifuatwa na sufuri 21.

Tena kompyuta haina harufu ya amonia, wala haimfunzi mtu kufungua bureti kwa upole, tone kwa tone, hadi rangi ya waridi ibakie. Kemia ya KCSE ina karatasi tatu, na ya tatu, yenye alama 40, hufanyiwa maabarani kwa mikono. Shule itakayonunua kompyuta na kusahau kemikali itakuwa imewapunja wanafunzi wake.

Kwa hivyo maabara imwonyeshe mtoto yanayotukia, nayo kompyuta imwonyeshe ni kwa nini yanatukia. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Nawe mzazi, huhitaji kuwa mwanakemia ili kuanza. Sufuria ya chai yatosha.