Kasi ya santuri inavyobadili sauti na hisia za opera

SAHANI ya santuri ikizungushwa kwa kasi isiyofaa, haiharibu mwendo wa wimbo pekee. Huharibu pia ufunguo wake, sauti ya mwimbaji na hisia alizokusudia mtunzi. Ndiyo sababu wataalamu wanaohifadhi rekodi za kale za opera hutumia muda mwingi kutafuta jibu la swali linaloonekana dogo: je, sahani hii ilizunguka mara ngapi kwa dakika siku iliporekodiwa?

Mwendo ni kasi ambayo mapigo ya wimbo hufuatana. Ufunguo ni noti iliyo makao ya wimbo, pale unapotulia mwishoni, pamoja na ngazi ya noti inayojengwa juu yake. Ngazi ya meja aghalabu husikika kuwa changamfu, nayo ya maina husikika kuwa na huzuni, ingawa hayo ni mazoea ya muziki wa Ulaya wala si kanuni ya maumbile. Hisia huzaliwa mambo hayo mawili yanaposhirikiana na maneno, ala na sauti ya mwimbaji.

Mfano mzuri ni wimbo ‘Una furtiva lagrima’, yaani chozi la siri, kutoka opera ya kuchekesha ya L’elisir d’amore. Opera hiyo ya Mwitaliano Gaetano Donizetti ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Milan mnamo Mei 12, 1832. Ndani yake, kijana maskini Nemorino ananunua dawa ya mapenzi kutoka kwa tabibu laghai, asijue kuwa ni mvinyo tu. Baadaye anaona chozi katika jicho la Adina, mwanamke anayemtamani, na kutambua kuwa naye anapendwa.

Habari hizo ni za furaha, lakini Donizetti aliziweka katika B-flati maina na kwa mwendo wa polepole. Hutangulia kinubi na basuni, ambayo ni zumari ndefu yenye sauti nzito. Katika ubeti wa kwanza, muziki huhamia D-flati meja kijana anapotambua kuwa anapendwa. Ubeti wa pili nao hufunguka kuwa B-flati meja. Hivyo msikilizaji hutolewa kwenye majonzi hadi kwenye faraja hatua kwa hatua. Wimbo ukikimbizwa, safari hiyo hupotea, na sala ya mpenzi hugeuka kuwa wimbo wa kawaida wa kupendeza.

Enrico Caruso, mwimbaji mashuhuri wa sauti ya teno kutoka Naples, aliurekodi wimbo huu zaidi ya mara moja. Aprili 1902, Fred Gaisberg wa kampuni ya Gramophone alimrekodi nyimbo 10 katika hoteli moja mjini Milan kwa malipo ya pauni 100. Wimbo huu ulikuwa miongoni mwazo.

Hapakuwa na maikrofoni. Caruso aliimba mbele ya pembe iliyokusanya mawimbi ya sauti na kuitikisa sindano iliyochora mfereji kwenye nta. Piano pekee ndiyo iliyomsindikiza. Mwaka wa 1911, akiwa Marekani, aliurekodi tena, safari hii akisindikizwa na okestra.

Upande mmoja wa sahani za enzi hizo ulibeba dakika tatu hadi nne na ushei. Kwa hivyo, nyimbo nyingi zilipunguzwa au kuharakishwa ili zitoshe. Anayezisikiliza leo na kudhani kuwa huo ndio mwendo uliotumika jukwaani huenda akapotoka.

Tatizo kubwa zaidi ni kasi yenyewe ya mtambo. Mizunguko 78 kwa dakika ilikuja kukubalika baadaye kuwa kawaida. Mwanzoni mwa karne ya 20, sahani zilirekodiwa kwa kasi mbalimbali, kuanzia takriban mizunguko 70 hadi zaidi ya 80.

Hesabu yake si ngumu. Kasi ikiongezeka kwa karibu asilimia 6, sauti hupanda nusu toni. Sahani iliyorekodiwa kwa mizunguko 73.6 ikichezwa kwa 78, wimbo wa B-flati maina husikika katika B maina, na dakika nne hupungua hadi dakika tatu na sekunde 46 hivi. Irabu hukonda, mtetemo wa sauti huenda mbio, na mwimbaji mwenye kifua kipana husikika kama kijana mwembamba. Kasi ikipunguzwa kupita kiasi, kijana huyo huzeeka ghafla.

Ili kusahihisha kosa hilo, wataalamu huanza kwa kulinganisha sahani na ufunguo ulioandikwa na mtunzi. Hata hivyo, shahidi huyo haaminiki kila mara. Waimbaji wa opera wana desturi ya kushusha ufunguo ili wazifikie noti za juu bila kuumia.

Isitoshe, kipimo cha sauti hakikuwa kimoja kila mahali. Ufaransa iliamua mwaka wa 1859 kuwa noti ya A iwe mitetemo 435 kwa sekunde, ilhali mkutano wa London wa 1939 uliafikiana kuhusu 440. Ndiyo maana sikio lililozoea sauti ya binadamu bado linahitajika kando ya vipimo: je, irabu ni za kawaida, na pumzi inatosha?

Suala hili linagusa pia urithi wa Waswahili. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodiwa mjini Bombay kuanzia 1928 kwa nembo ya His Master’s Voice, iliyokuwa ya kampuni hiyo hiyo ya Gramophone. Sahani zake nazo huhitaji kasi sahihi ili sauti isikike kama ilivyokuwa.

Caruso aliaga dunia Agosti 2, 1921, akiwa na umri wa miaka 48, na hakuna awezaye kumwomba aimbe tena. Kilichobaki ni mfereji ule uliochorwa na sindano, na uaminifu wa anayeizungusha sahani.