Kielelezo cha Hati ya Kazi katika Kompyuta Kuu

Kompyuta kuu ni kompyuta nyingi zilizounganishwa. Mtafiti aliyeko Juja, baina ya Ruiru na Thika, akiruhusiwa kutumia zile za Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI), Nairobi, huandika hati ya kazi na kuituma kwa Slurm, programu ipangayo foleni. Anayeanza yafaa anakili kielelezo kilichokwisha kutayarishwa. Lakini kunakili si kuelewa.

Hati hiyo ina wasomaji wawili. Kwa Bash, mstari unaoanza kwa alama ya # ni maelezo tu, hupuuzwa. Kwa Slurm, mstari unaoanza kwa #SBATCH ni ombi: vichakataji vingapi, kumbukumbu kiasi gani, muda gani. Anayeufuta akidhani ni maelezo hufuta ombi lake. Ukiwekwa chini ya amri ya kwanza, Slurm haiusomi. Kadhalika, kielelezo kikiomba --time=01:00:00, yaani saa 1, kazi ya saa 6 itakatizwa, na matokeo yasiyohifadhiwa yatapotea.

Hivyo basi, mwanagenzi akitume kielelezo kwanza bila kukibadili, ndipo abadilishe jambo moja moja, akijua kila mstari unasomwa na nani.