Kisu cha kukunja kimevunjika? Usikitupe, angalia kwanza hapa

Umeingiza kisu chako cha mfukoni kwenye mfuniko wa kopo la rangi, ukakibetua kidogo, mara "ta!" Ncha imebaki kwenye kopo. Wengi hukitupa hapohapo, wengine hukimbilia kwa fundi wa kuchomelea. Usifanye haraka. Kwanza angalia kimevunjikia wapi.

Imevunjika ncha tu

Hapo kisu bado kinafaa, kinahitaji ncha mpya tu. Cha msingi ni kimoja: saga upande wa mgongo, usisage upande wa makali. Kwa nini? Ukikunja kisu, makali huingia ndani ya mpini na mgongo hubaki nje. Ukisaga upande wa makali, ncha mpya itasogea mgongoni na itachungulia nje hata kisu kikiwa kimefungwa. Siku ukiingiza mkono mfukoni, utajua!

Tumia jiwe la kunolea, taratibu. Kama una mashine, vaa miwani, gusisha sekunde mbili tatu kisha chovya kisu kwenye maji. Ukiona chuma kimegeuka bluu, ujue joto limefika kama nyuzi 300 na ugumu umepungua. Hapo patakuwa panaisha makali upesi.

Kila baada ya muda kikunje, upitishe kitambaa juu ya mpini. Kikinasa, ncha bado imetokeza. Endelea kusaga.

Kimevunjika katikati au karibu na mpini

Usichomelee. Moto huharibu ugumu wa chuma pale kwenye kiungo, na kinaweza kukatika tena ukiwa unakitumia. Dawa ni kubadilisha bapa lote.

Mpini wenye skrubu hufunguka kwa bisibisi, unaweka bapa la toleo lilelile. Mpini wa ribiti, kama ule wa visu vya Victorinox vya Uswisi, usiugonge nyundo mwenyewe. Ndani kuna springi, na ribiti zikishatoka ni kazi kuzirudisha. Kampuni hiyo ina huduma ya matengenezo. Kwa kisu cha bei rahisi, uliza kwanza gharama ya fundi, maana inaweza kuzidi bei ya kipya.

Na kopo la rangi? Fungua kwa bisibisi. Chuma cha kisu ni kigumu na chembamba, kimetengenezwa kukata. Ukikibetua hakipindi, kinavunjika.