Ritani ya Mwajiriwa Haina Jipya la Kuambia Serikali

Juni inapoelekea ukingoni, biashara moja hushamiri katika miji ya Kenya. Kwenye mlango wa saiba hubandikwa karatasi yenye maneno "KRA Returns", na ndani mhudumu hupokea PIN, nywila na fomu ya P9, kisha kwa shilingi mia chache humkabidhi mteja risiti ya kuthibitisha kwamba ritani yake ya ushuru imefika. Sheria inataka ritani ya mwaka uliopita iwasilishwe kati ya Januari 1 na Juni 30. Anayechelewa hutozwa faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kiasi kilicho kikubwa. Hata mwanafunzi aliyechukua PIN ili aombe mkopo wa elimu ya juu wa HELB hujikuta katika foleni hiyo, ingawa hana hata senti ya mapato ya kutangaza.

Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni hili: mteja huyu ananunua nini hasa? Chukua mwalimu, muuguzi au karani asiye na mapato mengine. Mwajiri wake humkata ushuru kila mwezi, akizingatia nafuu binafsi ya shilingi 2,400, na kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata huwa ameiarifu Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA) kiasi alicholipa na kiasi alichokata, kwa jina na kwa PIN ya kila mfanyakazi. Mwaka unapoisha, KRA imepokea taarifa hiyo mara kumi na mbili. P9 ni jumla ya taarifa hizohizo, na ritani ni nakala ya P9. Siku hizi mfumo wa iTax wenyewe humletea mwajiriwa baadhi ya takwimu zikiwa zimekwisha jazwa, maana yake serikali inamwonyesha inachokijua kisha inamtaka airudishie. Kwa hiyo katika saiba hakuna ushauri wa ushuru unaouzwa. Kinachouzwa ni kompyuta, intaneti na mkono uliozoea kubofya.

Huduma hiyo ni ya bei nafuu hadi pale kosa linapotokea. Wengi walifunguliwa akaunti kwa baruapepe ya mhudumu, hivyo nywila ikipotea hawana njia ya kuipata bila yeye. Wengine, kwa haraka ya siku ya mwisho, huwasilishiwa ritani ya kutokuwa na mapato kabisa ilhali wamelipwa mshahara mwaka mzima, na rekodi yao hubaki ikipingana na ya mwajiri mpaka irekebishwe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inawatambua mawakala wa kodi wenye leseni, lakini kijana wa saiba si mmoja wao. Anaondoka na ada yake. Lawama na faini humwendea mwenye PIN.

Majirani wamechagua njia nyingine. Tanzania na Uganda hazimdai ritani mkaazi ambaye mapato yake yote yanatokana na ajira iliyokwisha katwa kodi. Uganda inaongeza sharti kwamba mwajiri awe mmoja. Kenya nayo ifanye hivyo. Wapo watakaosema kwamba ritani ndiyo wavu wa kunasa mapato ya pembeni, kwa kuwa waajiriwa wengi wana duka, bodaboda au nyumba ya kupangisha. Hoja hiyo ina uzito, ila wenye mapato hayo wangeendelea kudaiwa ritani kama sasa. Anayeficha kodi ya nyumba haiandiki kwenye fomu kwa sababu tu fomu ipo. Hunaswa kwa kulinganisha rekodi, kazi ambayo maafisa wangeipatia muda zaidi wakipunguziwa mafuriko ya Juni. Mwenye bima ya maisha anayetaka nafuu yake ya asilimia 15 ya malipo, isiyozidi shilingi 60,000 kwa mwaka, na ambayo mwajiri hakuihesabu, angeruhusiwa kujaza kwa hiari.

Pingamizi la pili linahusu riziki ya vijana wa saiba, nami silipuuzi. Lakini wanaohitaji msaada wa kweli hawapungui. Mwenye nyumba anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka anatakiwa kulipa asilimia 7.5 ya kodi ya pango kila mwezi, kabla ya tarehe 20 kupita. Mfanyabiashara mwenye mauzo ya kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 hulipa asilimia 3 ya mauzo yenyewe, apate faida asipate. Mwenye ulemavu anasamehewa ushuru kwa shilingi 150,000 za kwanza za mapato ya kila mwezi, lakini mpaka awe na cheti. Hapo ndipo maarifa yanapostahili malipo. KRA ingeweza kuwafunza vijana hawa, kuwapa leseni ya ngazi ya chini na kutaka namba ya mhudumu iandikwe kwenye kila ritani aliyoijaza, ili kosa lijulikane limetoka mkononi mwa nani.

Kila mwaka Bunge hujadili Mswada wa Fedha kabla ya Juni 30, siku zilezile ambazo foleni za ritani huwa ndefu kuliko wakati wowote. Ili kumwondolea mwajiriwa wa aina hii mzigo huo, wabunge wanahitaji kuongeza kifungu kimoja tu.