Farasi na Uzazi Wake: Mambo ya Zizini na Maneno Yake

Mwalimu asomapo na wanafunzi wake habari za Mfalme Daudi, jinsi alivyoamuru Sulemani apandishwe juu ya nyumbu wake, yampasa asimame kidogo aeleze. Maana mtoto aliyekulia karibu na mbuga za Serengeti amjua nyumbu mwingine, mnyama wa mwitu mwenye pembe na ndevu, wala hafahamu mfalme angempandaje. Nyumbu wa Maandiko ndiye aitwaye pia baghala, yaani mwana wa punda dume na farasi jike. Kosa hili si la mtoto. Neno moja limebeba wanyama wawili, na wengi wetu hatujaona hata mara moja farasi akizaliwa. Basi twaona yafaa kueleza kwa ufupi jinsi farasi wanavyozalishwa shambani, na maneno yanayostahili kazi hiyo.

Farasi ni neno tulilopewa na Waarabu, na mnyama mwenyewe alikuja pwani kwa njia ya bahari. Katika karne ya 10 msafiri al-Masudi aliandika ya kuwa Wazanji walipanda ng'ombe, wala katika nchi yao hamkuwa na farasi, nyumbu wala ngamia. Mwarabu ana jina la pekee kwa farasi dume, na jingine kwa mtoto wake. Kiswahili kilipokea jina moja tu, kikaongeza ya kwake: farasi dume, farasi jike, mwana-farasi, na farasi aliyehasiwa. Mtunza farasi huitwa saisi, neno lililotoka Uarabuni vilevile.

Sababu ya uhaba wa farasi ni maradhi. Nagana, iletwayo na mbung'o, huwaua katika nyika nyingi. Tena kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, uenezwao na usubi warukao hasa tangu jua kuchwa hata alfajiri. Katika Rasi ya Afrika Kusini, miaka ya 1854 na 1855, farasi wapatao 70,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Kwa hiyo farasi hustawi zaidi katika nyanda za juu zenye baridi, kama zile za Kenya, ambako wafugaji huwazalisha kwa mashindano ya mbio na kwa kupandwa. Hata huko, mfugaji mwenye busara huwachanja, na wakati wa mvua huwaingiza bandani kabla ya magharibi, asiwatoe mpaka jua limepanda.

Kazi ya kuzalisha huanza kwa kuchagua. Mfugaji hutazama miguu, kwato, mgongo, pumzi na tabia, maana dume mkali huzaa wakali, na jike mwenye kwato mbovu huwarithisha wanawe. Ndipo hufungua daftari la nasaba. Kwa farasi wa mbio wa Kiingereza kitabu cha nasaba kilipigwa chapa mara ya kwanza mwaka 1791, na mpaka leo mtoto haandikwi humo asipozaliwa kwa dume kumpanda jike mwenyewe. Katika mbegu nyingine huruhusiwa mbegu ya dume kutiwa kwa mkono wa mganga wa wanyama.

Jike hutaka dume kila siku 21 hivi, naye hukaa katika hali hiyo siku 5 hadi 7. Katika nchi za kaskazini hutulia wakati wa baridi, huamka siku zinapozidi urefu. Karibu na ikweta tofauti hiyo ni ndogo. Ili kumjua aliye tayari, saisi humpitisha dume upande wa pili wa ukingo. Jike asiyetaka hupiga mateke. Anayetaka husimama, huinua mkia. Baada ya kupandwa, mganga humpima kwa chombo kionyeshacho mimba tumboni, hasa apate kujua kama ni pacha. Kwa farasi pacha si baraka: tumbo halitoshi wawili, na mara nyingi mimba huharibika.

Mimba huchukua kama miezi 11. Siku chache kabla ya kuzaa, chuchu hutoa matone mazito kama nta, na jike huzaa kwa kawaida usiku. Hapa ndipo saisi mwaminifu ajulikanapo na mvivu. Kuzaa kwenyewe, tangu maji kutoka, huwa dakika 20 au 30. Kama muda huo umepita bila mtoto kuendelea kutoka, mganga aitwe mara. Na kama kitokacho kwanza ni utando mwekundu badala ya ule mweupe, basi kondo limebanduka kabla ya wakati, na mtoto hana pumzi. Saisi asingoje ruhusa ya mtu, bali aupasue papo hapo, amsaidie mtoto kutoka.

Kuna kanuni ya saa tatu, rahisi kukumbukwa: mtoto asimame katika saa ya kwanza, anyonye kabla ya saa ya pili kwisha, na kondo la nyuma litoke kabla ya tatu. Kondo likikawia lisivutwe kwa nguvu. Ni kazi ya mganga, maana sumu yake yaweza kumwua mama.

Kunyonya huko kwa kwanza ni jambo la uhai. Mtoto wa binadamu huzaliwa amekwisha kupokea kinga kutoka damu ya mamaye. Mwana-farasi huzaliwa karibu bila kinga yo yote. Yote yamo katika dang'a, na tumbo lake huweza kuipokea muda wa siku moja tu, ukipita mlango umefungwa. Kwa hiyo wafugaji huweka akiba ya dang'a katika barafu, kwa ajili ya yatima. Desturi ya kale ni kumvika yatima ngozi ya mtoto aliyekufa, ili jike aliyefiwa amnuse na kumkubali. Kuachishwa ziwa huwa katika mwezi wa 4 hadi wa 6.

Tukirudi kwa nyumbu: farasi ana kromosomu 64, punda 62, na mwana wao 63, ambazo hazigawanyiki sawasawa. Ndiyo sababu nyumbu ni tasa, ila kwa nadra mno, na kila nyumbu hana budi kuzalishwa upya na punda na farasi. Torati, katika Walawi 19:19, yakataza kuzalisha wanyama wa namna mbili, hata hivyo nyumbu wametajwa kati ya zawadi alizoletewa Sulemani mwaka kwa mwaka.

Basi mwalimu afikapo penye neno hili, na aseme wazi: nyumbu huyu si wa mbugani, bali ni baghala, mwana wa punda na farasi. Maelezo hayo machache yatamwezesha mtoto kumwona Sulemani akiteremka kwenda Gihoni juu ya mnyama wa kweli.